Kiti cha Mbele katika Pikapu ya Ami Rajabu

Nilipong'oa kiti cha pikapu niliyoinunua Kiritiri kwa muuza makaa, harufu ilinipiga usoni nikaketi chini palepale, kwenye saruji ya gereji yangu. Ilikuwa harufu ya ngozi kavu ya mbuzi, petroli iliyochacha na mavi ya kuku, ile ile ya pikapu ya Ami Rajabu. Mke wangu alidhani presha imepanda. Haikuwa presha. Ulikuwa wivu, wivu wa tangu utotoni, nao haukuwa umezeeka hata kidogo, ilhali mimi mwenyewe nimeota mvi mpaka kwenye nyusi.

Niseme kwanza ninayezungumza ni nani, maana wenzangu wa rika langu tuliocheza pamoja Majengo wana tabia ya kusahau mambo mazuri ya watu. Niliondoka Meru na viatu vya kuazima. Nilirudi kutoka ng'ambo na stashahada ya ufundi wa mitambo, nayo imo ukutani sebuleni ndani ya kioo. Mgeni akiketi huiona kabla hajapewa chai. Nyumba ya mawe ninayolala ni jasho langu. Pikapu ile ya Kiritiri, iliyokuwa imegeuka banda la magunia, leo ina breki za diski, gia tano na viti vya kulala chali, na vijana huja Jumapili kupiga picha kando yake. Sikurithi hata spana moja. Nayasema haya ili ijulikane kwamba mimi si mtu mwenye sababu ya kumwonea yeyote wivu. Na bado.

Ami Rajabu alikuwa mdogo wake Baba. Wote wawili walikuwa wachinjaji, na bucha yetu ilikuwa hapo Majengo, katikati ya Waislamu wa mji wa Meru, watu ambao ukiwauliza kabila zao wanahesabu mababu kutoka pande nne za dunia. Ulikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni. Watu wazima walizungumza chini chini, jua likizama hakuna aliyetoka nje, na mwenyeji wa vijiji vya mlimani akitaka kwenda kwa shangazi yake mlima wa pili lazima awe na karatasi. Sisi watoto tulidhani dunia ndivyo ilivyo. Tulidhani kila mahali pana askari njia panda na kila mama huita watoto ndani kabla kuku hawajalala.

Katika wakati kama huo, watu walipokuwa wakificha vitu, Ami Rajabu aliamua kufufua gari. Alilipata kwenye shamba la mzungu mmoja juu ya Kibirichia, katikati ya viazi, halina magurudumu, kuku wanataga chini ya kiti. Alilivuta kwa ng'ombe wa kuchinjwa. Majengo nzima ilitoka kutazama ng'ombe wanne wakishuka na pikapu iliyopandishwa juu ya magogo, na Ami ametangulia mbele kama bwana harusi.

"Rajabu!" aliita Bi Mwajuma, muuza mandazi, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa moto kuliko karai lake. "Wengine wanaletewa mahari ya ng'ombe. Wewe umeletewa na ng'ombe mahari ya kutu!"

"Utakuja kuniomba nikupeleke sokoni, Bi Mwajuma."

"Nipande hilo? Labda jeneza liwe limekataa kunichukua."

Hakuwa na sababu ya kibiashara. Nyama yetu ilibebwa na mkokoteni na ilitosha. Ami alilipenda gari lile kama watu wengine wanavyopenda njiwa. Kila alasiri alivua aproni yenye damu, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaenda uani kwetu alikoliweka chini ya bati. Injini ilikuwa imeshikana. Alimimina mafuta ya taa kwenye matundu ya plagi, akayaacha yanywe ndani, na kila siku alijaribu hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Ilipokubali kuzunguka, ilitoa sauti kama ng'ombe anayecheua, na Ami alinibeba juu ya mabega akanizungusha uani mpaka kofia yangu ikaanguka.

Maana mimi ndimi niliyekuwa msaidizi wake. Nilikuwa mshika kopo la nati. Ami hakuwa na mtoto. Mke wake alikuwa ameachika zamani, akarudi kwao Maua. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa rahisi: gari ni la Ami, Ami hana mtoto, mimi ndiye mtoto. Niliona gari likivishwa nyama mfupa kwa mfupa. Bodi ya nyuma ilitengenezwa kwa mbao za mwerezi. Springi zilitoka kwenye lori lililotumbukia mtoni, ngumu kiasi kwamba pikapu ilisimama makalio juu kama mbuzi anayeshuka mlima. Taa moja ilikuwa ya gari lenyewe na nyingine ya lori, kubwa mara mbili. Kiti alikivalisha ngozi ya beberu, manyoya yamenyolewa lakini si yote. Grisi ilikuwa adimu, na Ami, kwa kuwa alikuwa mchinjaji, alifikiri kichinjaji: akayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo akayapaka kila panapokwaruza.

Kesho yake mbwa wote wa Majengo walikuwa chini ya gari wakilamba springi. Kazi ya kuwafukuza kwa fimbo ikawa yangu, na niliifanya kwa moyo wote.

"Rajabu," akasema Bi Mwajuma, "hilo ni gari au ni mchuzi?"

Kwetu Majengo gari jipya halikutoka hivi hivi. Lilizinduliwa, kama nyumba. Mbuzi alichinjwa mbele ya magurudumu ya mbele, Maalim akasoma Fatiha, ubani ukafukizwa, kisha mtoto wa mwenye gari alipandishwa kiti cha mbele kabla ya mtu mwingine yeyote, akapewa maini ya yule mbuzi yaliyochomwa, akala mbele ya watu. Majirani wote walishuhudia. Nilikuwa nimeona watoto wa wenye malori wakipandishwa hivyo na kwa mwaka mzima hakuna aliyewagusa. Walitembea kama masultani. Usiku nililala nikitafuna maini ya ndotoni.

Ndipo akaja Zuhura.

Ami aliingia naye uani alasiri moja, amemshika mkono, kichwa cha msichana kimenyolewa, leso ya mtu mzima imemfunika mpaka vidole vya miguu. Alikuwa wa umri wangu, pengine amenizidi kidogo.

"Hamisi, huyu ni dada yako Zuhura. Mtoto wangu. Alikuwa Maua kwa mama yake."

"Mbona hukusema una mtoto?"

"Si nimesema sasa."

Mama alimchukua ndani haraka, na jioni ile Zuhura alikula sahani moja na mimi, kwa upande wangu. Hakusema neno. Kesho yake alikuja kwenye gari, akasimama. Ami akiwa chini, miguu tu ndiyo inaonekana, alinyoosha mkono akasema, "Kumi na tatu." Mimi nilianza kupekua spana nikizisoma moja moja. Zuhura aliinama, akaokota iliyotakiwa bila kusoma namba, akamtia mkononi. Ami akafungua nati bila kutazama. Basi ikawa hivyo. Baada ya siku chache kopo la nati lilikuwa mapajani mwake.

"Ni langu," nilimwambia Ami.

"Wewe una mbwa."

Mnielewe. Mtu aliyekuwa fundi ameshushwa cheo akawa mchunga mbwa. Nilimwonea wivu kwa vidole vyake, kwa ukimya wake, kwa namna Ami alivyompulizia uso alipoingiwa na kutu machoni. Nilimwonea wivu hata alipoungua. Aligusa bomba la moshi likiwa moto, akalia kwa maneno ambayo sikuyajua, na Mama akatoka jikoni mbio, akamziba mdomo kwa kiganja huku akiimba kaswida kwa sauti kubwa kana kwamba kuna maulidi. Nilidhani hivyo ndivyo watu wa Maua wanavyolia. Na nilidhani Mama naye sasa amempenda kuliko mimi, kwa sababu mimi nikiungua nilikuwa naambiwa, "Umeona?"

"Rudi kwenu Maua," nilikuwa nikimwambia kila tulipobaki peke yetu. Alinitazama tu.

Wenzangu mmeshaelewa, maana mliishi siku zile, lakini watoto wa leo hawajui, kwa hiyo niseme wazi. Zuhura hakuwa wa Maua wala hakuwa Zuhura. Alikuwa Wawira, wa Kanja, upande wa Embu. Mama yake alikuwa amekufa. Baba yake alikuwa dereva wa lori, rafiki wa Ami, ndiye aliyemfundisha kushika spana, naye alikuwa amekamatwa akapelekwa kambi ya kizuizini. Mwembu aliyepatikana mjini Meru bila karatasi alipakiwa kwenye lori la serikali akarudishwa alikotoka, na mtoto wa mtu wa kambini, asiye na mama wa kumpokea, hakuna aliyejua angeshushwa wapi na nani angemshika mkono. Alikuwa anaficha ulimi wake kwa sababu Kiembu kingemsaliti. Watu wazima wote wa uani walilijua hilo. Mimi sikuambiwa, kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa maarufu tangu wakati huo.

Siku ya kuzindua gari nilivaa kanzu ya Idi. Nilijipaka mafuta miguuni mpaka ikang'aa. Ami alikuwa amelipaka gari rangi ya kijani iliyobaki msikitini, na kwenye mlango alikuwa amechora mwezi na nyota, mwezi umelalia tumbo. Mbuzi alichinjwa. Maalim alisoma. Uani palijaa watu mpaka wengine wakapanda juu ya ukuta, na hata karani wa chifu, aliyekuwa na pua kali ya nyama, alikuwepo. Moshi wa ubani ulichanganyika na moshi wa maini.

"Mtoto wa mwenye gari apande!" Maalim akaita.

Nikatoka mbele. Nilitoka kabisa, hatua zangu mwenyewe, mbele ya watu wote. Ami alikuja upande wangu, mikono ameinyoosha. Akanipita. Alimwinua Zuhura aliyekuwa nyuma yangu, akamweka kwenye kile kiti cha beberu, mguu wa kulia ukitangulia, akageuka kwa watu.

"Mashahidi wangu mpo?"

"Tupo!" wakajibu, kwa sauti nzito kuliko nilivyowahi kusikia kwenye uzinduzi wowote.

"Huyu ni mtoto wangu, na gari limetoka naye."

"Mashallah," wakasema. Kila mtu alikula kipande cha yule mbuzi, hata karani. Zuhura alikula maini akitazama mapajani. Kisha injini ikanguruma, pikapu ikatoka langoni makalio juu, mbwa wakaifuata, na moshi mweusi wote, wote kabisa, ukanimwagikia kwenye kanzu.

"Pole, Hamisi," akasema Bi Mwajuma. "Wenzio wamekula maini, wewe umekula moshi."

Sitaki kusema nililia kiasi gani. Ninavyoiona sasa kwa akili ya mtu mzima, na ya mtu aliyesoma, ile haikuwa karamu ya gari. Ami alihitaji mtaa mzima umkubali mtoto yule kuwa ni wa Rajabu kwa mdomo wake wenyewe, hadharani, bila mtu kulazimika kuapa uongo. Kwetu mtoto aliyezindua gari la mtu ni mtoto wa mtu huyo, basi. Naelewa. Nina stashahada. Lakini kuelewa hakukunitoa moshi kwenye kanzu.

Msako ulifika asubuhi moja wakati wa baridi, kungali na ukungu. Filimbi, milango kugongwa, kisha sote tukakalishwa kwenye uwanja mbele ya msikiti, wanaume upande huu, wanawake na watoto upande ule. Afisa mzungu alibaki kwenye gari lake akivuta sigara. Aliyepita kati yetu alikuwa sajini mmoja mrefu, si wa huku kwetu, na nyuma yake askari wenye bunduki. Walikuwa wameshawasimamisha watu kadhaa kando. Sajini akafika kwetu, akamtazama Zuhura kwa muda mrefu.

"Huyu msichana ni ya nani?"

"Wangu, afande," akasema Ami kutoka upande wa wanaume.

"Karatasi?"

"Afande, mtoto ana karatasi gani?"

"Wewe msichana, jina yako nani?"

Zuhura alikaza midomo. Niliona kidole chake kikichimba udongo.

"Hana mdomo huyu?"

"Ni mtoto wa Rajabu, afande," akasema Bi Mwajuma. "Ndiye aliyezindua gari lake. Tulikuwepo sote."

"Tulikuwepo," wakasema wengine.

Sajini akacheka kwa pua. "Nyinyi watu ya Majengo. Nikiuliza hii mawe ni ya nani mtasema ni ya Rajabu. Mtu mkubwa akisema, mimi nasikia nusu tu." Akageuza macho polepole juu ya vichwa vya watoto, mpaka yakanifikia. "Wewe mwenye kofia. Kuja hapa."

Mama alikuwa amenishika kanzu. Aliikaza, kisha akaiachia. Sikujua wakati ule kwamba watu wote wa uwanja ule walikuwa wamezuia pumzi, kwa sababu hakuna asiyejua jinsi nilivyomchukia yule msichana, na hakuna aliyekuwa amenionya niseme nini.

"Unajua huyu?"

"Namjua."

"Ni nani?"

Nilimtazama Zuhura. Nikaona kopo langu la nati. Nikaona kiti. Maneno yakatoka yenyewe.

"Ni mtoto wa Ami Rajabu!"

"Umejua aje?"

"Si kila kitu anapewa yeye! Kopo la nati lilikuwa langu, akapewa yeye! Mbwa nafukuza mimi, gari nimelipaka mafuta mimi, kanzu nimevaa mimi, halafu siku ya kupanda amepandishwa yeye! Maini pia yeye! Mimi nimekula moshi!" Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka shingoni. "Akiungua anabembelezwa, mimi nikiungua naambiwa umeona!"

"Na mbona haongei?"

"Ana kiburi! Hata mimi haniongeleshi. Mrudishe Maua kwa mama yake!"

Sajini alinitazama. Kisha bega lake likaanza kutikisika, filimbi iliyoning'inia kifuani ikacheza, akacheka cheko la mtu mwenye watoto nyumbani. "Maua? Hiyo si kazi ya serikali, kijana. Hiyo peleka kwa baba yako." Akageuka kwa mzungu. "Ni watoto ya boma moja, bwana. Wanapigania gari."

Wakaendelea mbele. Si kila mtu aliyerudi nyumbani asubuhi ile. Waliosimamishwa kando walipakiwa, na mmoja wao alikuwa akinunua utumbo buchani kwetu kila Ijumaa. Lakini sisi tulirudi.

Nilidhani nitapigwa kwa utovu wa adabu mbele ya mgeni. Badala yake Mama alinibana kifuani mpaka nikakosa hewa, Bi Mwajuma akanipa mandazi mawili bila neno hata moja la kejeli, jambo lililonitisha zaidi, na Maalim akaniwekea mkono kichwani akasoma kitu kirefu. Watu wanaosimulia habari hii mpaka leo husema kwamba nilionyesha akili nyingi tangu utotoni. Siwakatalii. Hata Zuhura, ambaye baba yake alitoka kambini akamchukua, na ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu na kahawa huko Kanja, anasema hivyo hivyo. Anaongeza kwamba aliponisikia nikitaja maini nusura acheke. Mpaka leo mwanamke yule huniambia hivyo akiwa ametulia, amekunja mikono, na mimi nahisi kwamba ameshinda tena.

Alasiri ile ile Ami alikuja kunichukua jikoni. Hakunipongeza. Alinibeba hadi kwenye pikapu, akafungua mlango wenye mwezi uliolalia tumbo, akaniketisha kwenye kiti cha mbele.

"Na yeye?" nikauliza.

"Leo yeye nyuma."

Tukatoka langoni. Ngozi ya beberu ilinichoma mapajani pale manyoya yaliposalia. Dashibodi ilikuwa juu kuliko pua yangu, kwa hiyo mbele sikuona barabara, niliona bati lililopakwa rangi ya msikiti. Joto la injini lilipanda miguuni. Nilikaa wima hata hivyo, mikono juu ya magoti, kama nilivyoona wenye magari wakikaa, na nilitamani Majengo nzima inione, ila dirisha lilikuwa limekwama na kujaa vumbi.

Ndipo nikasikia kelele nyuma ya kichwa changu. Nikapiga magoti kwenye kiti, nikachungulia kwenye kidirisha. Zuhura alikuwa amesimama juu ya mbao za mwerezi, ameshika paa kwa mikono miwili, leso imepeperuka kutoka kichwani, mdomo wazi. Alikuwa anawapigia mbwa kelele kwa ile lugha yake niliyodhani ni ya Maua, sauti kubwa, yote, na kelele za injini zilimfunika asisikike na mwingine ila mimi. Mbwa wote wa Majengo walikuwa wakimfuata. Springi za lori zilimrusha juu, akashuka, zikamrusha tena, naye akacheka. Upepo wote ulikuwa wake.

Nikapiga mlango kwa ngumi. "Ami! Simamisha! Nataka nyuma!"

Ami alitazama kwenye kidirisha, akanitazama mimi, akaingiza gia ya pili.

"Kiti umekililia wewe," akasema. "Kalia."